Kijiko kimoja cha dawa: Makosa madogo ya zahanati yanayoweza kumdhuru mtoto, na jinsi ya kuyazuia

Mtoto wa dada yangu alikuwa na umri wa miezi tisa na uzito wa kilo nane siku alipopelekwa zahanati akiwa na homa. Muuguzi alikuwa peke yake. Mwenzake alikuwa likizo, na mabenchi ya nje yalijaa akina mama waliokuja kliniki, kwa sababu ilikuwa siku ya chanjo. Alimpima mtoto, hakumkuta na malaria, akampa dawa ya maji ya kushusha homa na kumwambia dada yangu: “Mama, mpe kijiko kimoja mara tatu kwa siku.”

Dada yangu alifika nyumbani, akachukua kijiko kilichokuwa karibu, kile cha kulia wali, akakijaza dawa. Mchana akarudia. Jioni nilipompigia simu kumjulia hali mtoto, aliniambia kwamba homa imeshuka ila mtoto anatapika. Nikamuuliza dawa anampimiaje. Akanijibu kwa kijiko. Nikauliza, “Kijiko kipi?” Akanyamaza.

Muuguzi alimaanisha kijiko cha chai, ambacho kwa vipimo vya dawa ni mililita tano. Kijiko cha chakula ni takriban mililita 15. Chupa ile ilikuwa na miligramu 120 za parasetamoli katika kila mililita tano, na kipimo cha kawaida kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mtoto wa kilo nane, kiwango cha juu kwa mara moja ni miligramu 120, yaani hizo mililita tano. Yeye alikuwa anapewa 360, mara tatu ya kiwango.

Walimkimbiza hospitali usiku uleule, akalazwa kwa uangalizi, na baada ya vipimo akaruhusiwa. Yuko salama, na sasa anakimbia. Lakini parasetamoli ikizidi mwilini huharibu ini, na kama simu ile isingepigwa, dada yangu angeendelea na kijiko kilekile kwa siku tatu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo kila mzazi angeuliza: kosa ni la nani?

Paa la makuti

Jibu la haraka ni kumlaumu muuguzi. Wengine wangemlaumu mama. Lakini ukiifuatilia safari ya chupa ile, unakuta kwamba kulikuwa na nafasi nyingi za kulizuia kosa, na zote zilipita. Boksi la dawa halikuwa na kikombe cha kupimia. Maelezo yalitolewa kwa mdomo tu, wala hayakuandikwa kwenye kadi. Muuguzi hakuwa na dakika ya kumwomba mama arudie alichoelewa, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na alikuwa peke yake. Mama naye hakuuliza, kwa sababu neno “kijiko” lilionekana halina haja ya kuulizwa.

Mwanasaikolojia wa Uingereza, James Reason, aliyeandika sana kuhusu makosa ya binadamu kazini, alifananisha hali hii na vipande vya jibini vyenye matundu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Sisi tunaweza kuangalia paa la makuti. Kila kuti lina upenyo wake, ila mvua haivuji ndani kwa sababu kuti la juu hufunika upenyo wa lile la chini. Nyumba huvuja siku ambayo nyenyo zote zimekaa mstari mmoja.

Kazi ya kukagua paa hilo kabla ya mvua ndiyo inayoitwa usimamizi wa vihatarishi. Kihatarishi ni jambo lolote linaloweza kuleta madhara hata kama bado halijaleta: chupa mbili za dawa zinazofanana zikiwa rafu moja, jokofu la chanjo lisilo na umeme wa akiba, jibu la maabara lililokaa mezani bila mtu kulifuatilia. Kituo kinachosimamia vihatarishi hakisubiri mtoto adhurike ndipo kiitishe kikao.

Tatizo lina ukubwa gani?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mgonjwa mmoja kati ya kila 10 hupata madhara akiwa anahudumiwa, na kwamba zaidi ya watu milioni tatu hufariki kila mwaka duniani kutokana na huduma zisizo salama. Zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuilika, na dawa ni miongoni mwa vyanzo vyake vikubwa. Ndiyo maana mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliitenga Septemba 17 kuwa Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani. Mwaka 2025 siku hiyo ilielekezwa kwa watoto wachanga na watoto wadogo.

Kuna sababu ya kuanza na watoto. Mtu mzima akipewa dawa isiyo yake anaweza kusema, “Daktari, mbona hizi si zile za jana?” Mtoto wa miezi tisa hawezi. Mwili wake ni mdogo, hivyo kosa la mililita chache kwake ni kubwa. Kipimo chake pia hubadilika kila anapoongezeka uzito. Dawa mseto ya malaria, kwa mfano, mtoto wa kilo tano hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kwa mara moja, na akifika kilo 15 huwa viwili. Mtoto ambaye hakupimwa uzito siku hiyo anaweza kutoka na dozi pungufu, na ugonjwa ukarudi.

Wengine walio katika hatari kubwa ni wajawazito, wazee wanaotumia dawa za aina nyingi kwa wakati mmoja, watu wenye magonjwa ya kudumu, na familia zisizo na fedha za kwenda kwingine. Watu hawa ndio wanaotegemea zaidi zahanati ya kijiji na kituo cha afya cha kata. Kwa sera yetu, watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasiojiweza hawatakiwi kulipia huduma katika vituo vya serikali. Lakini dawa zikiisha, mama huandikiwa karatasi akanunue duka la dawa muhimu, na hapo upenyo mwingine unafunguka: anayeuza hakumwona mtoto, hajui uzito wake, na pengine chupa aliyonayo ina nguvu tofauti na ile iliyoandikwa.

Sehemu tano zinazovuja mara nyingi

Dawa ni ya kwanza, na tumeiona. Ya pili ni utambulisho. Katika benchi moja wanaweza kukaa watoto wawili wenye jina moja na jina la baba linalofanana. Likiitwa jina, mama aliyekuwa ananyonyesha anaweza kuinuka akidhani ni zamu yake. Kituo makini huuliza jina kamili na tarehe ya kuzaliwa kabla ya sindano, chanjo au jibu la kipimo.

Ya tatu ni maambukizi. Mikono ya mtoa huduma huhama kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine siku nzima. Bila maji na sabuni, au kitakasa mikono kilicho karibu na kitanda, mtoto aliyeletwa kwa kikohozi anaweza kuondoka na ugonjwa mwingine.

Ya nne ni utunzaji. Chanjo nyingi za watoto hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Jokofu likizima usiku na asubuhi likawaka tena, hakuna atakayejua isipokuwa kuna mtu anayesoma kipimajoto na kuandika, asubuhi na jioni, sikukuu zikiwemo.

Ya tano ni rufaa. Mgonjwa anaambiwa aende hospitali ya wilaya lakini gari halipo, au karatasi haielezi alichopewa tayari, au huko anakokwenda hakuna aliyepigiwa simu. Saa zinazopotea hapo ndizo hugharimu maisha ya mama aliyetoka damu baada ya kujifungua.

Msaada unaofanya kazi

Kumwambia muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 60 “uwe makini” si mpango wa usalama. Uzoefu wa hapa nchini unaonyesha kwamba makosa hupungua pale kituo kinaposaidiwa kubadili mazingira ya kazi.

Mwaka 2015 serikali ilianza kuvipima vituo vya ngazi ya msingi na kuvipa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Matokeo ya kwanza yalikuwa machungu: zaidi ya theluthi moja ya vituo havikupata hata nyota moja. Tathmini iliyofuata ya mwaka 2017/18 ilionyesha vituo visivyo na nyota vimepungua sana, ingawa lengo la vituo vingi kufikia nyota tatu lilikuwa bado mbali. Faida ya nyota hizo ni kwamba kila kituo kiliachiwa orodha ya upungufu wake na mpango wa kuurekebisha. Ndicho kipande cha kwanza cha usimamizi wa vihatarishi: kujua paa linavuja wapi.

Kipande cha pili ni fedha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo badala ya kuishia halmashauri. Kituo chenye akaunti yake kinaweza kununua tangi la maji, kurekebisha bomba la chumba cha kujifungulia au kununua vikombe vya kupimia dawa bila kusubiri miezi. Matumizi hayo husimamiwa na kamati ya kituo, ambayo ndani yake wamo wananchi wa eneo husika. Pengine mmoja wao ni jirani yako.

Kipande cha tatu ni mpangilio. Kuanzia mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia mtindo wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi, ambao baadaye ulisambaa katika hospitali na vituo vingi. Kwa Kiswahili umefupishwa kwa herufi S tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Unaweza kuonekana kama kazi ya kufagia tu, lakini rafu iliyopangwa na kuandikwa majina humwezesha muuguzi kushika dawa sahihi hata akiwa amechoka saa nane za usiku.

Cha nne ni mazoezi. Katika mikoa mitano ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, vituo 30 vilishiriki mradi wa uzazi salama ulioratibiwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Wakunga hawakupelekwa semina hotelini. Walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, wakitumia midoli ya kujifunzia jinsi ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua na mama anayetoka damu, kisha takwimu za kituo chao zikatumika kuamua wafanye mazoezi gani zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, yakihusisha akina mama na watoto wapatao 300,000, yalionyesha vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 vikipungua kwa takriban asilimia 40, na vifo vya akina mama kwa takriban asilimia 75.

Cha tano ni usafiri. Mfumo wa m-mama, ulioanza kwa majaribio na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, hutumia namba ya bure 115. Simu ikipigwa kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye dharura, mratibu hutafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana humtuma dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo. Ihifadhi namba hiyo sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma.

Kusema bila kuogopa

Kuna jambo moja ambalo fedha hazilinunui. Makosa mengi ya zahanati hayajulikani kwa sababu aliyeyaona alinyamaza. Muuguzi aliyegundua kwamba ameshika chupa isiyo sahihi na kuirudisha kabla ya kuifungua hana haja ya kumweleza mtu, kwani hakuna aliyedhurika. Lakini kesho mwenzake atashika chupa hiyohiyo, na huenda asigundue. Kosa lililonusurika ni onyo la bure, na likifichwa linakuwa limepotea.

Kituo kinachojifunza huwa na daftari la matukio, na kikao kifupi cha kuuliza “kwa nini ilitokea?” kabla ya “nani kafanya?” Hii haimaanishi uzembe uachwe. Mtu aliyekuja kazini amelewa, au aliyedai rushwa ndipo ahudumie, anastahili kuwajibishwa. Lakini ukimwadhibu kila aliyekosea kwa bahati mbaya, unawafundisha waliobaki kuficha.

Sisi wazazi tuna sehemu yetu. Tukifika na kelele na kamera ya simu, tunapata video, lakini hatupati ukweli wa kilichotokea. Na tukinyamaza kwa kuogopa kuitwa wasumbufu, kosa linabaki palepale likimsubiri mtoto wa mwenzetu.

Mzazi, fanya haya

1. Hakikisha mtoto anapimwa uzito kila anapougua, hata kama si siku ya kliniki. Ukiona dawa imeandikwa bila kupimwa, omba kwa upole apimwe.

2. Nenda na kadi ya kliniki kila mara. Mweleze mtoa huduma dawa zote ulizompa mtoto tayari, zikiwemo za dukani na za asili. Kama aliwahi kuvimba, kuwashwa au kupata shida ya kupumua baada ya dawa fulani, sema, na omba iandikwe kwenye kadi.

3. Kabla ya kuondoka dirishani, rudia kwa maneno yako: dawa hii ni ya nini, kiasi gani, mara ngapi, siku ngapi. Ukikosea, ni afadhali ukosee mbele ya muuguzi.

4. Dawa ya maji pima kwa kikombe chake au bomba la sindano lisilo na sindano, kwa mililita. Vijiko vya nyumbani havilingani. Tikisa chupa kama maelezo yanavyosema.

5. Usimpe mtoto dawa mbili zenye parasetamoli kwa wakati mmoja. Dawa nyingi za mafua huwa nayo ndani. Soma boksi, au muulize mfamasia.

6. Muhudumu akija na sindano au chanjo, taja jina kamili la mtoto wako na umri wake hata kama hujaulizwa, na uliza anachopewa.

7. Usisubiri kesho ukiona mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Hizi ni dalili za hatari. Rudi kituoni mara moja, hata kama umetoka huko saa mbili zilizopita.

8. Dawa ikimletea mtoto madhara usiyoyatarajia, rudi nayo pamoja na boksi lake. Mtoa huduma anaweza kutoa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Taarifa yako inaweza kuwasaidia watoto wa mikoa mingine.

9. Ukiona tatizo linalojirudia, liandike na ulifikishe kwa mganga mfawidhi au kamati ya kituo. Taja siku, saa na kilichotokea. Maelezo hayo husaidia zaidi kuliko kusema “huduma ni mbovu”.

Waliporudi zahanati

Wiki moja baada ya mtoto kuruhusiwa, dada yangu alirudi zahanati ileile. Nilidhani anakwenda kugomba. Alikwenda na kijiko cha chakula ndani ya mkoba, akakiweka mezani na kumwonyesha muuguzi alichokuwa anatumia. Muuguzi alikiangalia kwa muda, kisha akamwomba radhi. Dada naye akamwomba radhi kwa kutouliza.

Leo dirisha la dawa la zahanati hiyo lina kikapu cha mabomba ya mililita tano. Kila mama anayepewa dawa ya maji hupewa na bomba lililochorwa mstari kwa kalamu ya wino usiofutika pale dawa inapopaswa kufika, na huombwa avute maji kwanza mbele ya muuguzi. Zoezi hilo halichukui hata dakika moja. Foleni bado ni ndefu, na watumishi bado ni wachache.

Mara ya mwisho dada yangu alipokwenda kliniki alimkuta mama mwingine anavuta maji kwa bomba, anakosea, anacheka, anarudia. Alipovuta mara ya pili, maji yalisimama sawasawa kwenye mstari.